Mwenyeji wa Siku Tatu

Neo Faliro ni kitongoji cha Piraeus kilicho ukingoni mwa bahari, na hapo, mkabala na maji, pana ukumbi ambao Wagiriki wameupa jina zito kuliko paa lake: Ukumbi wa Amani na Urafiki. Ulifunguliwa mwaka 1985. Miaka miwili baadaye, Juni 14, 1987, timu ya wanaume ya Ugiriki iliufunga Umoja wa Kisovieti humo ndani, 103 kwa 101, katika muda wa nyongeza, Nikos Galis akitia pointi 40 peke yake. Mpira wa kikapu wa Ugiriki unahesabu umri wake kuanzia usiku ule, kama kijiji kinavyohesabu kuanzia mwaka wa mafuriko.

Juni 29, 2025 ukumbi huo huo ulibeba fainali nyingine ya ubingwa wa Ulaya, safari hii ya wanawake. Mwenyeji alikuwa Ugiriki. Waliotoka chumbani na kuingia uwanjani walikuwa Ubelgiji na Hispania. Ugiriki ilikwishatolewa katika hatua ya makundi, wiki moja nyuma, katika ukumbi huo huo, mbele ya watu wake. Mwenye nyumba akabaki kukaa pembeni, akitazama wageni wakigombea kombe sebuleni kwake.

Ingekuwa mashindano ya zamani, tungesema basi, bahati mbaya, mwenyeji ameteleza. Lakini mwaka ule Ugiriki haikuwa mwenyeji peke yake. Ilikuwa na wenzake watatu, na habari yao ndiyo inayonifanya niandike sura hii.

Timu zilikuwa 16, zimegawanywa makundi manne, na kila kundi likapewa mji wake na nchi yake. Piraeus walikaa Ugiriki wenyewe pamoja na Ufaransa, Uturuki na Uswisi. Bologna, Italia iliwapokea Serbia, Slovenia na Lithuania. Brno, Jamhuri ya Czech ikakaa na Ubelgiji, Montenegro na Ureno, ambayo ilikuwa haijawahi kuonekana katika fainali hizi. Hamburg, Ujerumani ikawa na Hispania, Uingereza na Uswidi. Kila timu mechi tatu. Mbili za juu katika kila kundi zinafunga mabegi na kwenda Piraeus, ambako kuanzia robo fainali kila kitu kinachezwa chini ya paa moja.

Kwa mtu aliyezoea harusi zetu za michango hili halihitaji maelezo marefu. Kamati inakaa, mmoja anajitwika ukumbi, mwingine chakula, mwingine mapambo, wa nne gari la maharusi. Kila mmoja siku ya siku ana meza yake ya mbele na ana haki ya kusema "shughuli yetu". Bibi harusi, hata hivyo, anaingia kwa mlango mmoja. Ujerumani, Italia na Czech zilichanga kwa haki, zikapata mechi tatu nyumbani, na baada ya hapo zikawa wageni kama Mreno. Wahenga walimpa mgeni siku mbili, ya tatu wakamkabidhi jembe. Huku ni mwenyeji anayepewa siku tatu, na ya nne anakabidhiwa tiketi ya ndege.

Kwa nini mtu akubali uenyeji wa namna hiyo? Hesabu yake ni nyepesi na ni ya mtu anayeuza tiketi. Makundi manne ya timu nne yanatoa mechi 24. Ukiwa na mwenyeji mmoja, timu ya nyumbani itacheza tatu kati ya hizo 24. Mechi hizo tatu utajaza ukumbi. Nyingine 21 utazicheza mbele ya viti, jamaa za wachezaji, na wanafunzi wa shule ya jirani walioletwa kwa basi ili kamera isione utupu. Ukiwa na wenyeji wanne, mechi zenye timu ya nyumbani zinakuwa 12, nusu kamili ya hatua ya makundi. Watazamaji hawakuongezeka Ulaya, umewafuata walipo.

Halafu kuna ukumbi wenyewe. Nchi inayotaka kuandaa mashindano yote peke yake inahitaji kumbi kadhaa kubwa, hoteli za timu 16, mabasi, mitambo ya televisheni, waamuzi na madaktari kwa muda wa siku 12. Nchi inayotaka kundi moja inahitaji ukumbi mmoja wa heshima. Ule wa Hamburg uko Wilhelmsburg, kisiwa katikati ya mto Elbe, na unachukua watu wasiozidi sana 3,000. Ule wa Bologna, PalaDozza, ni wa mwaka 1956 na unachukua watu zaidi kidogo ya 5,000. Hizi si kumbi za fainali, lakini kwa mechi ya kundi ni bora kuliko uwanja mkubwa: watu 3,000 ndani ya nafasi ya 3,000 ni kelele, na watu hao hao ndani ya nafasi ya 12,000 ni msiba. Bologna nayo ni mji ambao Waitalia wenyewe wanauita mji wa kikapu, kwa kuwa timu mbili, Virtus na Fortitudo, zimeugawanya kama Simba na Yanga wanavyoigawanya Dar es Salaam.

Desturi hii ya kugawana kwa nchi nne haikuanzia kwa wanawake, na sidhani kama ilianza kwa hekima. Ubingwa wa Ulaya wa wanaume wa 2015 ulikuwa umeahidiwa Ukraine. Vita vilipoanza mwaka 2014, mashindano yakatafutiwa pa kwenda kwa haraka, na yakaishia kugawanywa baina ya Ufaransa, Ujerumani, Croatia na Latvia. Fainali ikapelekwa uwanja wa mpira wa miguu wa Lille uliofunikwa paa, wakaingia watu zaidi ya 25,000. Waliosimamia wakaangalia mahesabu, na dharura ikawa utaratibu: 2017 nchi nne, 2022 nne, 2025 nne.

Kwa wanawake mwaka ule ule wa 2015 wenyeji walikuwa wawili, Hungaria na Romania, na Budapest ndiyo iliyopata fainali. Mwaka 2017 Jamhuri ya Czech iliandaa peke yake. Kisha Latvia na Serbia mwaka 2019, Hispania na Ufaransa 2021, Slovenia na Israeli 2023, hadi wakafika wanne.

Mashindano yenyewe ni makongwe. Yalianza Roma, Oktoba 1938, timu tano tu, na Italia wakashinda mbele ya Lithuania na Poland. Ilikuwa Italia ya Mussolini, na ushindi wa michezo ulikuwa na kazi nyingine zaidi ya michezo. Vita vya Dunia vikayazima. Yaliporudi mwaka 1950, huko Budapest, Umoja wa Kisovieti ulikuwa umeingia, na tangu hapo swali la nani mwenyeji likapoteza maana kabisa. Wasovieti walishinda kila mara hadi 1991 isipokuwa mara moja, 1958, Bulgaria walipowapokonya. Mataji 21. Katika kumi kati ya hayo alikuwamo Uljana Semjonova wa Riga, mwanamke wa zaidi ya mita mbili na sentimita kumi, ambaye hakuhitaji kuruka ili mkono wake uwe juu ya mikono ya wengine. Unaweza kuandaa mashindano nyumbani kwako, ukajaza ukumbi, ukaleta bendi. Semjonova akisimama chini ya kikapu, bendi itapiga nyimbo za maombolezo.

Ni baada ya Umoja huo kuvunjika ndipo swali la nyumbani likarudi kuwa swali. Na hapa ndipo nilipokaa na orodha ya mabingwa na orodha ya wenyeji, nikaziweka ubavu kwa ubavu, na nikaona jambo ambalo sikulitarajia. Poland walishinda nyumbani, Katowice, mwaka 1999. Ufaransa walishinda nyumbani, Le Mans, mwaka 2001. Tangu hapo hakuna. Ugiriki 2003, Uturuki 2005, Italia 2007, Latvia 2009, Poland 2011, Ufaransa 2013, wote waliandaa karamu na kombe likaondoka na mgeni. Ulipokuja uenyeji wa kugawana, wenyeji wakaongezeka, na kwa hesabu ya kawaida bahati ya mmoja wao kushinda ingeongezeka pia. Haikuongezeka. Katika mashindano matano yaliyogawanywa, kuanzia 2015 hadi 2025, nchi wenyeji zilikuwa 12 ukizihesabu moja moja. Mabingwa: Serbia, Hispania, Serbia, Ubelgiji, Ubelgiji. Hakuna hata mmoja aliyekuwa mwenyeji mwaka aliotwaa taji. Serbia ilishinda 2015 na 2021. Mwaka iliokuwa nyumbani, 2019, ikapata shaba.

Mwenye takwimu ataniambia kwamba orodha ni fupi na kwamba naona mapepo kwenye moshi. Huenda. Lakini kisa cha Ufaransa si takwimu.

Wafaransa hawa walicheza fainali tano mfululizo na kupoteza zote tano. Ya kwanza, 2013, ilikuwa nyumbani, Orchies, mji mdogo wa kaskazini, na Hispania wakawafunga 70 kwa 69. Pointi moja. Budapest 2015, Serbia 76, Ufaransa 68. Prague 2017, Hispania 71, Ufaransa 55. Belgrade 2019, Hispania 86, Ufaransa 66, na mchezaji bora wa mashindano akawa Astou Ndour, binti wa Dakar aliyevaa jezi ya Hispania. Endéné Miyem alizicheza zote, fainali moja baada ya nyingine, akipanda jukwaani kuvalishwa fedha kana kwamba ni sare ya kazi.

Ya tano ilikuwa 2021, na Ufaransa ilikuwa mwenyeji. Hapo ndipo penye ladha ya uchungu. Ilikuwa mwenyeji wa Strasbourg. Mechi za makundi walizicheza huko, mjini kwao, kwa lugha yao, kisha mashindano yakahamia Valencia, kwa mwenyeji mwenzao. Hispania, bingwa mtetezi, mwenye ukumbi, mwenye watu, wakatolewa na Serbia robo fainali. Kwa hiyo fainali ikachezwa Hispania bila Wahispania, na Ufaransa, nchi mwenyeji kwa mujibu wa kila bango na kila tiketi, ikaingia uwanjani ikiwa ugenini. Serbia ya kocha Marina Maljković ikashinda 63 kwa 54. Ukiwauliza Wafaransa kama walipoteza fainali nyumbani au ugenini, nadhani wangekuomba uwaache.

Tusiwacheke. Agosti 2025 sisi wenyewe tulionja chungu hicho hicho kwenye mpira wa miguu. Kombe la CHAN liligawanywa baina ya Kenya, Tanzania na Uganda, na timu zetu zote tatu zilifika robo fainali, jambo la kujivunia. Zote tatu zikatolewa papo hapo, kila moja kwenye uwanja wake: Kenya kwa penalti mbele ya Madagascar pale Kasarani, Tanzania kwa bao moja la Morocco kwa Mkapa, Uganda kwa bao moja la Senegal pale Namboole. Fainali ikachezwa Kasarani, Morocco 3, Madagascar 2. Nairobi ilifanya kama Piraeus ilivyofanya miezi miwili kabla: ikajifunza kushangilia watu wengine. Kumbe mwanamke wa Kigiriki aliyenunua tiketi ya fainali tangu mwezi wa tatu na mwendesha bodaboda wa Kasarani wana mengi ya kuzungumza. AFCON ya 2027 nayo imepewa nchi hizo hizo tatu, na kamati zetu zingefanya vyema kuyasoma mahesabu ya Ulaya, hasa yale yasiyohusu tiketi.

Linganisha na Kigali, 2023. Ubingwa wa Afrika wa kikapu wa wanawake haujagawanywa; Rwanda iliandaa yote, ikacheza kila mechi katika BK Arena, ukumbi uleule, kitanda kilekile. Timu ambayo haikutajwa miongoni mwa vigogo ikafika nusu fainali. Nigeria ndiyo iliyobeba kombe, kama kawaida yake, lakini Rwanda ya nne Afrika! Huo ndio uzito wa nyumbani ambao hautolewi kwa mafungu ya siku tatu tatu.

Nyumbani ni nini hasa kwenye kikapu? Watu husema mashabiki, na ni kweli kelele humtetemesha mgeni anaposimama kwenye mstari wa mitupo huru. Wachezaji wakiulizwa hutaja vitu vidogo zaidi. Mbao za sakafu, kwa mfano: kila ukumbi una sehemu ambazo mpira unadunda vizuri na sehemu ambazo unalala. Ukuta ulio nyuma ya kikapu nao una kazi yake. Katika ukumbi mdogo kuna watu au ukuta karibu, jicho linapata kipimo. Katika ukumbi mkubwa nyuma ya kikapu kuna giza, na mtupaji wa pointi tatu anajikuta anatupa kuelekea hewani. Timu iliyocheza makundi Hamburg, kwenye ukumbi wa watu 3,000, ikiingia Piraeus inakutana na hilo. Ongeza safari ya kilomita kama 2,000, ongeza joto la Juni ya Ugiriki.

Kwa hoja hiyo, timu za kundi la Piraeus zilipaswa kuwa na ahueni. Ufaransa na Uturuki hazikuhama. Hazikupanda ndege, hazikubadilisha hoteli, zilikwishaijua sakafu. Tazama basi kilichotokea. Uturuki ilitolewa robo fainali na Italia iliyotoka Bologna. Ufaransa ilipoteza nusu fainali kwa pointi moja mbele ya Hispania iliyotoka Hamburg, kisha ikapoteza mechi ya shaba kwa Italia. Dhahabu ilikwenda kwa timu iliyotoka Brno. Medali zote tatu zilichukuliwa na waliosafiri, na waliokaa hawakuambulia kitu. Nimelifikiria sana hili bila kupata jibu la kuridhisha. Labda siku 12 mahali pamoja huzaa uchovu wake, ule wa kuamka na kuuona ukuta uleule. Labda kuhama katikati ya mashindano huipa timu hisia kwamba jambo jipya limeanza. Au labda Hispania na Ubelgiji ni wazuri tu.

Italia inastahili aya yake, maana kati ya wenyeji wanne ndiyo pekee iliyovuna. Ilikuwa haijapata medali ya ubingwa huu tangu 1995, ilipokuwa ya pili nyuma ya Ukraine, na mashindano ya mwaka huo yalikuwa Brno. Miaka 30. Waliongoza kundi lao PalaDozza huku watu wakiimba, Cecilia Zandalasini akiwa ndiye mwenye mkono wa kutegemewa, na wakaja Piraeus na moto ule ukiwa bado mwilini. Nusu fainali wakaibana Ubelgiji hadi mwisho, wakapoteza kwa pointi mbili tu. Kama kuna mtu alinufaika na uenyeji wa siku tatu, ni wao: walichukua nyumbani wakaifanya akiba ya njiani, kama abiria wa basi la usiku anayefungiwa chapati na mama yake.

Sasa Ubelgiji. Nchi ndogo, yenye lugha tatu rasmi na mabishano mengi, ambayo timu yake ya wanawake ilikosa kabisa fainali hizi kwa miaka kumi hadi 2017, iliporudi na kuchukua shaba. Shaba nyingine 2021. Dhahabu 2023, Ljubljana, kwa kuifunga Hispania 64 kwa 58. Katika kikosi cha miaka hii msomaji wa Kinshasa au Lubumbashi atakutana na majina kama Mununga na Lisowa Mbaka, na hatahitaji mtu wa kumfafanulia historia iliyoyapeleka kule. Katikati ya timu yupo Emma Meesseman, kutoka Ieper, ule mji uliosagwa na mizinga ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mama yake naye aliichezea timu ya taifa. Meesseman hapigi kelele uwanjani, na usipokuwa mwangalifu utadhani hafanyi kitu, mpaka uangalie ubao. Mwaka 2019 alirudi Washington, akaingia fainali za ligi ya wanawake ya Marekani akitokea benchi, na akatangazwa mchezaji bora wa fainali hizo, wa kwanza kutoka Ulaya. Kocha wake kule alikuwa Mmarekani Mike Thibault. Mwaka 2025 Thibault ndiye aliyekuwa akiifundisha Ubelgiji.

Fainali ya Piraeus ilikuwa ya Hispania kwa muda mrefu. Zikiwa zimebaki dakika zisizofika nne, ubao ulisomeka 65 kwa 53.

Naomba tusimame hapo kidogo kwa ajili ya asiyeufuata mchezo huu. Pointi 12 kwenye kikapu si nyingi mwanzoni mwa mechi. Hupotea wakati unanunua karanga. Lakini mwishoni ni mlima, kwa sababu ya saa. Timu yenye mpira ina sekunde 24 za kutupa. Hispania wangetumia kila sekunde waliyopewa, dakika nne zingegawanyika vipande kama kumi, vitano vyao na vitano vya wapinzani. Hata kama Hispania wasingefunga tena kabisa, Ubelgiji walihitaji kufunga karibu kila walipoushika mpira, na baadhi iwe ya pointi tatu, bila kukosea. Mwalimu wa hesabu angezima televisheni.

Ubelgiji walifunga pointi 14. Hispania, sifuri.

Haikuwa muujiza wa mtupo mmoja wa mbali, aina ile inayorudiwa kwenye simu mwaka mzima. Ilikuwa ulinzi. Waliwabana Hispania kuanzia mpira unapoingizwa, wakawanyima pasi rahisi, na kwa kila mpira uliopotea Hispania walianza kuucheza muda badala ya kuucheza mchezo. Timu inayolinda uongozi hucheza kama mtu anayebeba sahani nyingi za kioo: hatua fupi, pumzi fupi. Zikiwa zimebaki sekunde chache Antonia Delaere akaupora mpira, akakimbia nao peke yake kuelekea kikapu kilichokuwa wazi, akautia. 67 kwa 65. Kwa mara ya kwanza tangu muda mrefu Ubelgiji walikuwa mbele, na muda ulikuwa karibu umekwisha.

Kwenye ukumbi ule mimi nawafikiria Wagiriki. Wale waliokuwa watoto mwaka 1987, waliokaa mbele ya televisheni usiku wa Galis, sasa wana miaka 45, 50. Waliokuja walikuja kwenye mechi isiyowahusu, na wakaondoka wameona kitu ambacho watakisimulia. Ukumbi umepata hadithi yake ya pili, na Mgiriki hayumo ndani yake. Kuna msemo wa kwetu unaomwita mgeni aje ili mwenyeji apone. Sijui kama Ugiriki ilipona usiku ule, ila haikulala mapema.

Mmoja wa Wabelgiji wale alikuwa Julie Vanloo. Mapema Juni aliiacha timu yake mpya ya Marekani, Golden State Valkyries, ili aje kuichezea nchi yake. Ligi ya kule huchezwa Mei hadi Oktoba, na mashindano ya Ulaya huangukia katikati yake, hivyo kila mwaka wa mashindano wachezaji hulazimika kuchagua mkate au bendera. Valkyries ilikuwa na wachezaji kadhaa wa Ulaya, na Zandalasini alikuwa miongoni mwao. Vanloo alichagua bendera, akapata dhahabu. Siku moja baada ya fainali, aliporudi California, klabu ikatangaza kuachana naye. Los Angeles Sparks wakamchukua baadaye. Kuna Wafaransa waliochagua kubaki Marekani mwaka ule, na sitawalaumu. Mashindano yanayogawanywa baina ya nchi nne yanatangazwa kwa maneno mazuri ya kuupeleka mchezo kwa watu, na ni kweli yanaupeleka. Lakini mchezaji mwenyewe anaishi kwenye mabegi, na jina la mji ulio kwenye tiketi linabadilika haraka kuliko anavyoweza kufua soksi.

Mashindano ya 2027 yamekwishagawanywa: Lithuania, Finland, Uswidi, na Ubelgiji. Lithuania ni ile iliyokuwa ya pili Roma mwaka 1938. Ubelgiji wataingia wakiwa mabingwa mara mbili mfululizo, na kwa mara ya kwanza tangu safari yao ya medali ianze watakuwa na kundi la kucheza kwao, mbele ya watu waliowashangilia miaka yote kwa kuangalia skrini. Mechi tatu.

Mara ya mwisho mwenyeji alipolitwaa taji hili, pale Le Mans mwaka 2001, Emma Meesseman alikuwa na umri wa miaka minane.